Namna ya Kuifuata Barabara ya Kale ya Targa Florio

Anayetaka kuielewa historia ya Targa Florio, mbio za magari alizozianzisha Vincenzo Florio katika milima ya Madonie kisiwani Sicilia mwaka 1906, hana budi kuipita barabara yenyewe, kwa kuwa haikujengwa kwa ajili ya mashindano, bali ni njia ya kawaida iunganishayo miji midogo ya milimani.

Chagua kwanza mzunguko utakaoufuata. Ule wa mwaka 1906 ulikuwa wa kilomita 148 hivi, na Alessandro Cagno, akiendesha gari la Itala, aliuzunguka mara tatu kwa zaidi ya saa tisa akaibuka mshindi. Baadaye ulifupishwa ukawa wa kilomita 108, na mwaka 1932 ukawa wa kilomita 72. Nakushauri uufuate huu wa mwisho, maana ndio uliotumika miaka mingi zaidi.

Anzia Floriopoli, karibu na Cerda, ambako majukwaa ya watazamaji na vibanda vya mafundi vingali vimesimama kando ya lami. Shuka garini, utembee kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi wa pili, na kwa hatua hizo chache utaelewa kwa nini magari hayakuondoka kwa pamoja, bali yaliruhusiwa moja baada ya jingine, na mshindi akajulikana kwa hesabu ya muda.

Kutoka hapo panda kupitia Cerda hadi njia panda ya Caltavuturo, kisha Collesano. Jipe angalau saa mbili, ingawa dereva Leo Kinnunen aliumaliza mzunguko mzima mwaka 1970 kwa dakika 33 na sekunde 36, kasi ambayo hunishangaza kila niifikiriapo, kwani kona ni mamia. Collesano pana makumbusho ya mbio hizi, usiyapite. Hapo utakutana na habari za Nino Vaccarella, mwalimu wa Palermo aliyeshinda mwaka 1965, 1971 na 1975, na ambaye mashabiki waliliandika jina lake kwa rangi kutani.

Ukishateremka Campofelice, utaingia Buonfornello, kipande kirefu kilichonyooka, bahari ikiwa kuliani. Mwendo wa hatari kama huu barabarani, watu wakiwa wamesimama pembeni, haukuweza kudumu: ubingwa wa dunia uliondoka hapa baada ya mwaka 1973, na ajali iliyoua watazamaji mwaka 1977 ikazikomesha mbio zenyewe katika sura yake ya kale. Mwisho wa kipande hicho kata kushoto, upande tena hadi Floriopoli.