Polisi Wakipuuza Ukatili wa Nyumbani: Namna ya Kujenga Kesi Dhidi Yao

Kesi ya kuwawajibisha polisi husimama au huanguka kwa swali moja: walijua nini, na walijua lini? Kipimo kinachotajwa sana kilitoka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 1998, kesi ya Osman dhidi ya Uingereza: je, walijua, au walipaswa kujua, kwamba maisha ya mtu fulani yamo katika hatari ya kweli na ya karibu, wasifanye lililo ndani ya uwezo wao? Basi kazi yako ni kuhakikisha kujua kwao kumeandikwa.

Anza na maneno ya ripoti. Ukisema “tumegombana na mume wangu”, utaambiwa mkayamalize nyumbani. Taja tendo, silaha na tishio: “Jana saa tatu usiku alinikaba shingo kwa mikono miwili, nikashindwa kupumua. Amesema nikiondoka ataniua. Ana panga chini ya kitanda.” Kukabwa shingo usiache kamwe kukutaja. Ni miongoni mwa dalili nzito kwamba mauaji yanaweza kufuata, na mara nyingi hakuachi alama kwenye ngozi. Sauti ikikauka, kumeza kukiuma au vidoa vyekundu vikitokea machoni, nenda hospitali siku hiyohiyo, daktari aviandike. Michubuko ipige picha leo na tena kesho kutwa, maana mingine huchelewa kujitokeza.

Usitoke kituoni bila namba ya ripoti na jina la askari. Akikataa kuandika, mwandikie barua mkuu wa kituo: tarehe, saa, ulichosema, ulichojibiwa, unachoomba. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Mbele ya muhuri huo, hakuna atakayesema hawakuwa na habari. Mpe mtu unayemwamini akutunzie. Nyumbani mtesaji ataichana.

Amri ya mahakama ya kukulinda iombe, ila usiitegemee peke yake. Mwaka 2005, katika kesi ya Castle Rock, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwa na amri hiyo hakukupi haki ya kikatiba ya kudai polisi waitekeleze. Hukohuko Marekani, njia ya kudai kwamba polisi wanabagua ilikuwa imeshafaulu: mwaka 1984 mahakama ilikataa kuitupa kesi dhidi ya mji wa Torrington, Connecticut, ambako polisi walidaiwa kuwapuuza wanaopigwa na waume zao huku wakiwalinda wanaoshambuliwa na watu baki. Mwaka uliofuata ikatoka fidia ya dola milioni 2.3. Mwambie wakili adai kumbukumbu za malalamiko mengine ya kituo hicho, kwani mazoea huthibitika kwa mengi.

Ulifuta malalamiko kwa hofu? Kesi haijafa. Katika Opuz dhidi ya Uturuki (2009), kesi ya Mahakama ileile ya Ulaya, malalamiko yalifutwa mara kadhaa chini ya vitisho, na bado serikali ilionekana imevunja haki za binadamu: kadiri kosa lilivyo zito, ndivyo polisi na waendesha mashtaka wanavyopaswa kuendelea hata mlalamikaji akijitoa. Eleza kwa maandishi nani alikutisha na kwa maneno gani.

Kinachoua kesi nyingi nzuri ni muda. Kudai serikali mara nyingi huhitaji notisi ya maandishi kabla ya kufungua shauri, na ukomo wake huweza kuwa mfupi kuliko wa madai ya kawaida. Muulize wakili tarehe hiyo kabla ya swali lingine lolote.