Kabla ya kumtumia nauli

Wewe uko Kisumu, yule mliyekutana mtandaoni anasema yuko Nakuru, na hata hamjajuana vizuri keshaomba nauli. Usitume bado. Mpigie simu ya video mchana bila kumtaarifu, umwombe atoke nje akuonyeshe barabara. Wa kweli atacheka na kulalamika kwamba hajachana nywele. Tapeli kamera yake huwa imeharibika tangu mwaka jana. Ukishikilia kutuma, soma jina linalotokea M-Pesa. Likiwa tofauti na alilokupa, sitisha hapo hapo. Mimi ningesema ajilipie matatu mwenyewe, mkutane mchana penye watu, kama ufuo wa Dunga huko Kisumu, kwenye samaki wa kukaanga, na rafiki yako mmoja ajue mko wapi.