Kugeuza jedwali la hesabu ya ndege bila kupika sifuri

Juzi nilikaa na mwanafunzi wa uzamili hapa Nakuru tukinyoosha jedwali lake la ndege wa ziwani. Kila ziara ya kituo ilikuwa safumlalo, na kila spishi (heroe mdogo, heroe mkubwa, mwari, mnandi) ilikuwa na safuwima yake. Kwa macho linapendeza, ila modeli hailiwezi: spishi, kigeu chenyewe anachotaka kulinganisha, imejificha kwenye vichwa vya safuwima.

Natumia R (lugha ya programu ya kuchanganua data) pamoja na vifurushi vyake tidyr, dplyr na readr. Excel ni ya kuingizia data, basi. Ukikata na kubandika kwa mkono, kesho hujui ulifanya nini.

1. Ongeza safuwima `alifika` (ndiyo/hapana: je, mhesabu alifika kituoni?), hifadhi kama CSV, soma kwa `read_csv`.

2. Refusha, yaani kila spishi ya kila ziara ipate safumlalo yake:

`ndefu <- pivot_longer(ndege, -c(kituo, tarehe, alifika), names_to = "spishi", values_to = "idadi")`

Mafunzo yenye `gather` ni ya mtindo wa kabla ya 2019. Yapite.

3. Sasa seli tupu. Mhesabu alifika asione mwari? Hiyo ni sifuri. Hakufika? Hiyo ni NA (data haipo). Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda miaka ya 2010 yalimeza barabara za kando ya ziwa, kwa hiyo kituo kisichofikika si kituo kisicho na ndege. Msimbo wa R hauwezi kukuambia tofauti. Mpigie simu aliyehesabu. Kisha:

`ndefu <- mutate(ndefu, idadi = if_else(alifika == "ndiyo" & is.na(idadi), 0, idadi))`

Kama data ilikuja tayari ikiwa ndefu, yenye spishi zilizoonekana tu, utahitaji `complete` (huongeza safumlalo zisizokuwemo), na hapo ndipo watu wanapopika data bila kujua. Ukiandika `complete(kituo, tarehe, spishi, fill = list(idadi = 0))`, R inabuni ziara ambazo hazikufanyika na kuzijaza sifuri. Isitoshe, inafuta hata zile NA ulizoandika kwa makusudi. Andika hivi:

`complete(nesting(kituo, tarehe), spishi, fill = list(idadi = 0), explicit = FALSE)`

`nesting` inabaki na ziara zilizomo kwenye data, na `explicit = FALSE` inaziacha NA zako (inahitaji tidyr 1.2.0 au mpya zaidi). Lakini ziara ambayo hakuonekana ndege hata mmoja haimo kwenye data ya namna hii, kwa hiyo iongeze mwenyewe kutoka kwenye orodha ya ziara.

4. Kwa vegan (kifurushi cha R cha kuchanganua jamii za viumbe), ondoa NA, rudisha upana kwa `pivot_wider`, kisha toa safuwima zisizo za spishi. R ikilalamika kuhusu orodha ndani ya seli, kuna rekodi mbili za spishi ileile katika ziara moja. Usikimbilie `values_fn = sum`: huenda wawili walihesabu kundi lilelile la heroe, na utawazidisha maradufu.

Kabla ya `vegdist` (amri ya vegan inayopima tofauti kati ya ziara), weka kando safumlalo za sifuri tupu. Kipimo chake cha Bray-Curtis hugawa kwa jumla ya ndege wa ziara mbili, na sifuri kwa sifuri hutoa NaN (jibu lisilo namba).