Somo: Kondoa hadi Dodoma kwa baiskeli, na namna ya kufika kwenye zabibu ukiwa bado una nguvu

Wakuu, wengi mmeniuliza kundi letu linaendeshaje siku ya mwisho ya safari ya Arusha–Dodoma, ile ya kutoka Kondoa. Ni kilomita 160 hivi, lami tupu, na ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Tatizo lake ni moja: mashamba ya zabibu yako mwishoni, kule Makutupora, zikiwa zimebaki kilomita ishirini na kitu kufika mjini. Kila safari naona watu wanayapita wameinamisha vichwa, wanawaza kitanda tu. Inaniuma. Umetoka Arusha kwa miguu yako, halafu mizabibu yenyewe huioni!

Hatua ya 1: Ondokeni gizani
Saa kumi na moja alfajiri muwe barabarani, taa mbele na nyuma, kila mtu na rifleksa yake. Mkichelewa kwa muda wa saa moja tu, mtailipa jua likiwa la utosi.

Hatua ya 2: Jipangeni dhidi ya upepo
Hapa ndipo siku inapoharibika au kutengenea. Kondoa iko juu kuliko Dodoma, basi mgeni hudhani atateremka tu. Lakini zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba, ambayo ndiyo tunayoyafuata, hukutana na upepo mkali wa kusini-mashariki. Ninyi mnaelekea kusini. Utawapiga usoni, upande wa kushoto, tangu jua likipanda mpaka jioni.

Dawa yake ni mstari mmoja. Gurudumu lako la mbele liwe nyuma ya la mwenzako kwa kama nusu mita, au mita moja kwa asiyezoea. Wa mbele anakata upepo dakika tano, si zaidi hata kama anajisikia simba. Akimaliza anatoka kushoto, kwenye bega la barabara, anapunguza mwendo, mstari unampita, anadaka mkia. Asitoke kulia, kwani malori na mabasi yanatokea huko. Anayeona shimo anapiga kelele "shimo!" na neno linapokezwa hadi wa mwisho.

Anayechoka asione aibu kubaki nyuma bila kushika zamu. Mwendo wa kundi ni wa huyo huyo. Mkimwacha, mtamsubiri juani.

Hatua ya 3: Kunywa kabla ya kiu
Nusu lita kwa saa, na zaidi mchana. Chumvi ni lazima, na pakiti za ORS za dukani zinatosha. Mkifika Mayamaya mmebakiza kilomita 44 kufika Dodoma, kaeni kivulini nusu saa, mle ndizi.

Hatua ya 4: Kuingia shambani
Mwaka jana tulifika Makutupora saa tisa, tukaona wavunaji wamejaza makreti kando ya njia, tukasukuma baiskeli moja kwa moja kwenye mchanga. Tulikuwa kumi na wawili. Tuliporudi, baiskeli saba zilikuwa zimekaa chini. Mbigili! Hulala mchangani rangi moja na udongo, na hata ikikaa upande gani, mwiba mmoja unatazama juu. Niling'oa kumi na nne kwenye tairi moja, nikabakiza mmoja, tyubu mpya ikatoboka papo hapo.

Kwa hiyo beba baiskeli begani, au iache kwenye lami na mlinzi. Ukipata pancha, funga kitambaa kidoleni, upitishe ndani ya tairi mzunguko mzima kabla ya kurudisha tyubu.

Msalimie mwenye shamba kwanza. Ukisema "mbukwenyi" kwa Kigogo, uso wake utafunguka. Usichume chochote kwa mkono wako. Omba, na ulipe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina baiskeli ya gia moja. Naweza?
Jibu: Kilomita zote 160, hapana, huo upepo utakumaliza. Panda gari la msaada hadi Mayamaya, uungane nasi hapo. Mashamba utayaona yote.

Swali: Tunaruhusiwa kuonja mvinyo njiani?
Jibu: Hapana, na hapa sina msalie mtume. Zabibu kula utakavyo. Mvinyo ni mpaka baiskeli ziwe zimefungwa Dodoma.

Swali: Nikinunua mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, kwa mkulima, naubebaje?
Jibu: Kama umeanza kuchacha, usifunge kifuniko mpaka mwisho. Gesi inaendelea kutoka, na chupa iliyokazwa itapasuka juani. Weka kidumu wima ndani ya gari, kifuniko kimelegea.

Swali: Vijana wangu, nina miaka 61. Naendesha kilomita 80 kila Jumamosi. Mtanichukua?
Jibu: Shikamoo mzee. Karibu sana. Ongeza taratibu hadi 120 kwa siku moja kabla ya Agosti, na upimwe presha. Siku yenyewe utakaa nafasi ya tatu mstarini, mbele yako vijana wawili wa kukukatia upepo.