Kupima wimbi la joto kwenye fimbo ya alumini, na kinachobadilika fuwele ikipozwa sana

Jaribio hili linawafaa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na mtu yeyote wa Tanga mwenye subira ya kukaa saa mbili mezani. Linajibu swali moja: joto likipita ndani ya kitu kigumu, huwa linasafiri kama wimbi la kweli au linasambaa tu?

Tafuta fimbo ya alumini, ngumu hadi ndani (si bomba), kipenyo milimita 12, urefu sentimita 60. Anza kuulizia kwa wauza vyuma chakavu wa Ngamiani. Shaba ni bora zaidi, ila usidanganyike na fimbo ya arthi: nyingi ni chuma kilichopakwa shaba. Isogezee sumaku. Ikinasa, iache.

Kwenye ncha moja funga rezista ya omu 22, wati 10, kwa grisi ya prosesa wanayotumia mafundi kompyuta. Ilishe kwa betri ya volti 12. Utapata kama wati 6.5. Usitegemee umeme wa ukutani, maana ukikatika dakika moja tu mizunguko yote inavurugika. Toboa matundu mawili ya milimita 3, kina milimita 6: la kwanza sentimita 5 kutoka kwenye rezista, la pili sentimita 15. Weka themista (kihisi cha joto) ya kilo-omu 10 katika kila tundu, pamoja na grisi, kisha ziunge kwenye Arduino, kibodi kidogo cha kielektroniki kinachopangiwa programu. Multimita inayoonyesha nyuzi nzima haifai, kwa sababu wimbi la tundu la pili hupanda na kushuka nyuzi chache tu.

Vika fimbo raba nyeusi ya mabomba ya AC, ila rezista ibaki wazi. Hatua hii wengi huipuuza, halafu upepo wa kusi unaingia dirishani na mstari wa grafu unacheza ovyo. Feni izimwe pia. Na mikono iwe mikavu: tone la maji baridi kwenye rezista ya moto linaweza kupasua kauri yake.

Washa sekunde 120, zima sekunde 120, kwa rilei (swichi ya umeme) inayoongozwa na Arduino hiyohiyo. Mizunguko 15 ya mwanzo itupe, kwa sababu fimbo nzima bado inapanda joto. Rekodi mitano inayofuata, kila sekunde 2, kila namba ikiwa wastani wa vipimo 20.

Kilele usikikadirie kwa macho. Kuwasha na kuzima ghafla huzaa mawimbi madogo ya kasi juu ya lile kubwa, na vilele vinapinda. Linganisha data na mkunjo wa saini (sine) wenye kipindi cha sekunde 240, upate kimo cha kila wimbi (H1, H2) na muda wa kuchelewa, t. Kisha:

α = L² ÷ (2 × t × ln(H1/H2))

α ni kipimo cha jinsi joto linavyosambaa haraka ndani ya metali, ln ni logi asilia, na L ni umbali kati ya matundu kwa mita, hapa 0.1. Uzuri wa njia hii, aliyoitoa mwanafizikia wa Sweden, Ångström, mwaka 1861, ni kwamba joto linalovuja pembeni haliharibu jibu. Alumini safi hutoa karibu 0.000097 m²/s: t kama sekunde 44, na H1 kama mara 3.2 ya H2. Aloi hushuka chini ya hapo. Jibu likiwa la ajabu, badilishana themista na urudie; moja ikiwa nzito kuitikia kuliko nyingine, t ndiyo inayoharibika.

Sasa punguza kipindi kiwe sekunde 60, na tundu jipya la pili liwe sentimita 10 kutoka kwenye rezista, la sivyo wimbi litafifia kabla halijafika. Kasi ya wimbi (L ÷ t, L sasa ikiwa 0.05) itakuwa imeongezeka mara mbili, kutoka milimita 2.3 hadi 4.5 kwa sekunde. Hapo ndipo pa kutazama: kasi inayofuata kipindi ni alama ya usambaaji, ule unaofuata sheria ya mwanahisabati Fourier, si wimbi la kweli.

Kwenye fuwele safi sana iliyopozwa, mambo hugeuka. Fononi (vifurushi vya mtikisiko vinavyobeba joto ndani ya fuwele) zikigongana zenyewe mara nyingi bila kupoteza mwendo wa pamoja, na zikikutana kwa nadra na uchafu au kasoro, joto huenda kama wimbi lenye kasi yake, takriban ya sauti ugawe kwa kipeuo cha pili cha 3. Huitwa sauti ya pili. Ilionekana kwenye heliamu ngumu mwaka 1966, floridi ya sodiamu 1970, bismuthi 1972. Kipimo chake hakitumii kuwasha na kuzima kwa dakika: ni mpigo mfupi wa joto kutoka utando mwembamba wa metali upande mmoja wa fuwele, na kihisi upande wa pili. Kwanza hufika fononi zisizogongwa, kisha sauti ya pili, mwisho mkia mrefu wa usambaaji. Fuwele ikiwa na uchafu, unaona mkia peke yake.

Kupasuka kwa fuwele mara nyingi hutokea wakati wa kupoza, si wakati wa mpigo. Sehemu kubwa ya kusinyaa huisha kabla ya Kelvini 77, kwa hiyo shusha joto polepole kabla ya kufika hapo, na gundi ya kushikizia fuwele iwe tone moja upande mmoja tu. Gundi husinyaa kuliko fuwele na huivuta hadi ikatike.