Jinsi ya kuiona nyota ya 51 Pegasi kwa macho kutoka ufukwe wa Mwanza

Katikati ya jiji usijisumbue, taa za barabarani huifuta kabisa. Mwangaza wake ni 5.5, na jicho zima penye giza zuri hukomea karibu na 6 (namba ikipanda, nyota inafifia). Nenda Igombe, Kayenze au ng'ambo Ukerewe.

Chagua usiku usio na mwezi. Usiku huohuo, bahati mbaya, ndio wavuvi wa dagaa huwasha taa ziwani. Nyota itakuwa juu, kama digrii 67, kwa hiyo taa hizo haziifuniki; kinachoharibika ni jicho lako. Kaa nyuma ya jawe kubwa likuzibie ziwa, utulie gizani dakika 30. Ukichungulia simu hata kidogo, anza kuhesabu upya. Tochi ifunge nailoni nyekundu.

Katikati ya Oktoba nyota hufika kilele chake saa 4 na robo usiku. Katikati ya Novemba, saa 2 na dakika 10. Oktoba ni afadhali, kabla mawingu ya vuli hayajazidi.

Elekea kaskazini, inua uso, utafute nyota nne zilizopanga mraba mkubwa, kila upande kama ngumi moja na nusu ukinyoosha mkono. Upande wa kushoto, ya juu ni Markab, ya chini ni Scheat. Wengi hupotea hapa kwa sababu ramani nyingi zimechorwa kwa mtazamaji wa Ulaya anayetazama kusini: igeuze juu chini. Toka Markab ukishuka kuelekea Scheat, simama kabla kidogo ya nusu ya njia, kisha toka nje ya mraba, kushoto, kwa upana usiotimia wa kidole gumba. Ndiyo hiyo. Chini yake zaidi kushoto kuna nyota mbili zilizokaribiana. Hizo zinang'aa zaidi, usizichanganye.

Usiikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo, maana katikati ya jicho hapana chembe zinazohisi mwanga hafifu. Ikikataa, tumia darubini ya mkono ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50): weka Markab ukingoni, nayo itaingia ukingo wa pili. Ukishajua ilipo, rudia kwa macho matupu.

Ufifu huo ni wa umbali tu, takriban miaka ya nuru 50. Yenyewe inazidi Jua kidogo kwa uzito na kwa mwanga, na joto la uso ni lilelile, karibu nyuzi 5,500 za Selsiasi. Jua likiwekwa pale lingeshuka hadi 5.8, gumu zaidi kuonekana. Mwaka 1995 wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz, wakiwa Ufaransa, waliona nyota hii ikiyumba kwa mita 56 hivi kwa sekunde: sayari yenye takriban nusu ya uzito wa Mshtarii (Jupita) huizunguka kila siku 4.2. Ilikuwa sayari ya kwanza kugunduliwa kwenye nyota inayofanana na Jua, na wawili hao walipata Nobeli mwaka 2019. Sayari yenyewe hutaiona kwa darubini yoyote ya nyumbani. Nyota yake unaiona bila kifaa.