Kabla ya kupima vinasaba vya kansa, kaa kwanza na shangazi

Uganda neno "kupima" lina mwenyewe. Mtu akisema "nilienda kupima", awe Kisenyi au Bombo, wanaomsikia wanaelewa virusi vya Ukimwi. Tangu AIDS Information Centre ilipoanza kazi Kampala mwaka 1990, tumezoea pia kwamba kipimo hutanguliwa na ushauri. Mazoea hayo yanamfaa anayetaka kupima vinasaba vya kansa (vinasaba ni maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi), ila yanaweza kumpotosha. Kipimo cha virusi kinasema unavyo au huna, na jibu ni lako. Hiki cha vinasaba hakisemi una kansa. Kinasema kama umezaliwa na kasoro inayoongeza hatari ya kuugua, na jibu linawagusa ndugu zako, watake wasitake.

Basi kabla hujatoa damu au mate, nenda kwa shangazi. Wengi wangeanza na mama, kwa kudhani kansa ya titi hurithiwa upande wa kike tu. Sivyo. Kasoro katika BRCA1 au BRCA2, vinasaba vilivyotambuliwa mwaka 1994 na 1995, hupitia kwa baba sawa na kwa mama, na kila mtoto wa aliye nayo ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi. Baba anaweza kuibeba hadi uzeeni asiugue, dada zake ndio wakaugua. Isitoshe shangazi, ambaye Waganda humwita ssenga, ndiye aliyezoea kuzungumza na mabinti mambo ya mwili ambayo mama huona haya kuyataja.

Mwulize nani aliugua, sehemu gani ya mwili, akiwa na umri gani. Umri una uzito: kansa ya titi iliyompata mtu wa miaka 38 humshtua daktari kuliko iliyompata bibi wa 75. Usingoje neno "kansa" litajwe. Utasikia "alivimba tumbo", "alikuwa na kidonda kifuani kisichopona", au "mke mwenza alimroga". Andika yote, daktari atachambua. Waulizie na wanaume, maana kansa ya tezi dume, na hata ya titi la mwanamume ingawa ni nadra, ni sehemu ya habari hiyohiyo.

Kama yupo ndugu anayeugua sasa, inafaa apimwe yeye kwanza. Kasoro ikionekana kwake, ninyi wengine mtatafutiwa hiyo tu na majibu yenu yatakuwa wazi. Ukitangulia wewe mzima usikutwe na kitu, huenda familia ina kasoro nyingine ambayo kipimo hakikuigusa. Kumwomba mgonjwa jambo hili ni kazi ya upole. Usimwombe siku aliyotoka kutiwa dawa.

Majibu ni ya aina tatu: kasoro ipo, kasoro haikuonekana, na la tatu ndilo hukosesha watu usingizi: badiliko limeonekana lakini maana yake haijulikani bado. Sisi Waafrika hulipata zaidi, kwa kuwa kumbukumbu za kulinganishia zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Jibu hilo pekee si sababu ya kukatwa titi. Uliza mapema kama utapigiwa simu maana ikija kujulikana.

Uliza pia utafanya nini ukikutwa nayo. Kati ya wanawake kumi wenye kasoro ya BRCA1, karibu saba huweza kupata kansa ya titi kufikia miaka 80. Kuna uchunguzi wa kila mwaka, kuna upasuaji wa kutoa ovari (vifuko vya mayai ya uzazi), ambazo nazo huweza kushikwa na kansa, baada ya kumaliza kuzaa. Hayo yote yana gharama, na bei ya kipimo ni mwanzo tu. Ulizia Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, au hospitali unayotibiwa, nani atakayekusomea jibu ana kwa ana.

Moyo nao uandaliwe. Usipime wiki ya arusi wala ya matanga. Wengi wanaokutwa na kasoro hufadhaika sana mwanzoni, kisha hutulia kadiri miezi inavyopita. Linalowashangaza watu ni uchungu wa aliyekutwa salama huku dada yake akiwa nayo. Mama naye hujilaumu kana kwamba alichagua cha kurithisha.

La kuwaambia nani liamuliwe kabla ya kipimo. Grupu la WhatsApp la ukoo si mahali pake. Kila mtu aulizwe faraghani: "Nina habari ya afya inayohusu familia yetu, ungependa kuisikia?" Akisema hapana, mwache. Kwa watoto, kansa hizi ni za utu uzima, hivyo kupimwa kungoje wafike miaka 18 waamue wenyewe. Kwa bibi tumia "kinasaba". Ukisema "jeni" atasikia "jini", na jioni ataitwa mganga. Kaka naye atasema hayo ni ya wanawake. Mwulize ana mabinti wangapi.

Mwisho, omba nakala ya jibu yenye jina kamili la kasoro na uitunze. Sheria ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi inahusu pia rekodi za afya. Ndugu aliye Juba au Nairobi akienda kupima, maabara itataka maandishi yale, maelezo yako ya simu hayatatosha.